Uzi kwa wanaoandaa mada za kongamano la wanafunzi wa sosholojia ya michezo: swali lako liko wapi?

Mwanzisha uzi

Habari zenu, ndugu wanataaluma. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaojiandaa kupeleka mada katika makongamano ya wanafunzi kuhusu sosholojia ya michezo, na pia kwa wale wanaokaa kwenye kamati za maandalizi. Kazi ya kuhakiki ikisiri (muhtasari mfupi anaoutuma mwombaji) za makongamano ya aina hii imenionyesha tatizo moja linalojirudia kila msimu: waombaji wengi wanaueleza mchezo kwa ufasaha mkubwa, lakini ndani ya maelezo yao hakuna swali la kisosholojia. Mwandishi anaijua ligi, anajua nani alisajiliwa na nani aliachwa, anaweza hata kueleza mbinu za kocha. Ila msomaji anapofika mwisho hajui ni jambo gani kuhusu jamii ambalo lilikuwa halijulikani na sasa linatafutwa.

Kipimo changu ni rahisi, na yeyote anaweza kukitumia kabla ya kutuma. Naisoma ikisiri kana kwamba sijawahi kuupenda mchezo huo na sitaupenda kamwe. Ikiwa bado nina hamu ya kujua jibu, swali lipo. Ikiwa hamu hiyo inategemea ushabiki wangu, nilichosoma ni habari za michezo zilizopambwa kwa istilahi.

Chukueni utafiti wa John Loy na Joseph McElvogue uliochapishwa mwaka 1970. Walitazama nafasi za uwanjani katika besiboli na futiboli ya Kimarekani, wakaona kwamba wachezaji weusi hawakugawanyika sawasawa. Walikuwa wachache katika nafasi za katikati, ambako mchezaji hushirikiana zaidi na wenzake na kubeba maamuzi, na wengi katika nafasi za pembeni. Takwimu zenyewe hazikuwa siri, maana orodha za vikosi huchapishwa kila mtu azione. Upya ulikuwa katika swali: ubaguzi unafanyaje kazi ndani ya taasisi ambayo tayari imekwisha kufungua milango yake? Anayechunguza jeshi, benki au hospitali atataka kusikia jibu hilo hata kama hajui besiboli inachezwaje.

Mfano wa pili unapendeza zaidi kwa sababu unapinga matarajio. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na ushiriki wa wasichana na wanawake katika michezo ukapanda sana. Vivian Acosta na Linda Carpenter walifuatilia kwa miongo kadhaa nani alikuwa anazifundisha timu za wanawake vyuoni. Sheria ilipopitishwa, zaidi ya asilimia 90 ya timu hizo zilikuwa na makocha wanawake. Kufikia mwaka 2014 kiwango kilikuwa takriban asilimia 43. Idara za michezo za wanawake ziliunganishwa na zile za wanaume, kazi ikaanza kuwa na mshahara na heshima, na wanaume wakaiomba mbele ya waajiri ambao wengi wao pia walikuwa wanaume. Sheria iliyowafungulia wanawake uwanja ikaambatana na kupungua kwa sehemu yao kwenye benchi la ufundi. Mtu akileta kitendawili cha namna hiyo kwenye kongamano, dakika 15 alizopewa hazitamtosha, na hakuna atakayetazama saa.

Karibuni kwa mjadala, hasa wale ambao hamkubaliani nami.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu, lakini niseme wazi kwamba unatisha kidogo. Mimi nasoma katika idara ya elimu ya viungo. Msimamizi wangu ni mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, na katika idara nzima hakuna mwingine anayesoma nadharia za kijamii. Kongamano la wanafunzi ndilo mahali pekee ninapoweza kukutana na watu wanaosoma ninachosoma. Nikiambiwa kwamba swali lazima liwe limekomaa kabla sijatuma ikisiri, basi sitatuma, kwa sababu nakwenda huko kulikomaza.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni ya msingi, na inagusa historia ya taaluma yenyewe. Sosholojia ya michezo ilizaliwa ikiwa na nyumba mbili. Kamati ya kimataifa iliyokuja kuwa chama cha dunia cha fani hii iliundwa mwaka 1965, na jarida lake likaanza kutoka mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1965 Gerald Kenyon na John Loy walichapisha makala yao ya kuitetea fani hii, na waliichapisha katika jarida la elimu ya viungo, si la sosholojia. Chama cha Amerika ya Kaskazini kilifanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1980, na hadi leo wanachama wa vyama hivi wametawanyika kati ya idara za sosholojia, elimu ya viungo, uongozi wa michezo na masomo ya utamaduni. Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu aliwahi kulalamika kwamba mwanasosholojia wa michezo hudharauliwa na wanasosholojia wenzake na hubezwa na wanamichezo. Kwa hiyo upweke unaouelezea hauko kwako peke yako. Ni matokeo ya mahali fani ilipowekwa.

Hata hivyo naomba tutenganishe mambo mawili. Swali changa linakaribishwa, na kongamano la wanafunzi lipo kwa ajili hiyo hasa. Ninachokikataa ni ikisiri isiyo na swali kabisa. Kama umeandika kwamba unashangazwa na jambo fulani na hujui kwa nini liko hivyo, hata bila nadharia yoyote, umetosha kuingia. Ukumbini utakuta mtu wa idara nyingine atakayekwambia kwamba mshangao wako una jina na umeandikiwa.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya fani hii ilianzia kwenye kazi za wanafunzi. Eric Dunning alikamilisha tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1961, akichunguza hatua za awali za mpira wa miguu kama mchezo uliopangwa kwa kanuni, chini ya usimamizi wa Norbert Elias. Wakati huo wanasosholojia wengi waliuona mpira kuwa kitu kisichostahili chumba cha semina. Elias na Dunning hawakushughulika sana na nani aliupiga mpira wa kwanza. Walitaka kujua kwa nini kiwango cha ukatili kinachovumilika uwanjani kilibadilika, na mabadiliko hayo yalihusianaje na mabadiliko ya tabia na ya mamlaka katika jamii nzima. Mkondo mzima wa kinadharia uliota hapo.

Mchangiaji wa pili

Naomba niulize kuhusu jambo ambalo linanisumbua zaidi ya swali. Nilicheza mpira wa wavu kwa ngazi ya ushindani kabla ya kuanza uzamivu, na timu ninayoichunguza ni mojawapo ya zile nilizowahi kuzichezea. Kila ninapowasilisha, mtu husimama na kuuliza kama siko karibu mno na watu wangu. Nimechoka kujitetea. Je, niifiche historia yangu ya uchezaji, au niifanye kuwa sehemu ya mada?

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mchezaji wa wavu, kama mwalimu niliyesimamia wanafunzi wenye historia kama yako, nakushauri usiifiche. Lakini usiitumie kama cheti pia. Kusema kwamba ulikuwepo hakuthibitishi kwamba uliona.

Loïc Wacquant alipoingia katika ukumbi wa ndondi upande wa kusini wa Chicago mwaka 1988, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta mahali pa kuutazamia mtaa wa watu weusi maskini. Ndondi hakuzijua. Alifanya mazoezi hapo kwa takriban miaka 3, akapanda ulingoni katika mashindano ya mabondia wa ridhaa, na mwili wake mwenyewe ukawa chombo cha utafiti: alieleza jinsi ujuzi unavyoingia mwilini kwa marudio, bila kupitia maneno mengi. Wewe safari yako inakwenda kinyume na yake. Yeye alihitaji kujifunza ambacho mabondia hawakukisema kwa kuwa kila mmoja wao alikijua. Wewe unahitaji kukiona tena ambacho wewe mwenyewe huwezi kukisema kwa sababu hiyohiyo.

Jambo ambalo wachezaji wa zamani hulikosa mara nyingi ni maumivu. Robert Hughes na Jay Coakley waliandika mwaka 1991 kwamba makosa mengi ya wanamichezo hayatokani na kuzikataa kanuni za michezo. Yanatokana na kuzitii kupita kiasi: kujitolea, kuvumilia, kutokubali mipaka, kutamani kuwa bora kuliko wengine. Anayecheza akiwa na goti lililovimba anasifiwa, na yeye mwenyewe hulieleza goti hilo kwa fahari. Mtafiti aliyewahi kufanya hivyo huandika kwenye daftari lake kwamba mazoezi yalikwenda vizuri, wakati mgeni angeandika kwamba watu wawili walikuwa wanachechemea na hakuna aliyewauliza. Chukua daftari lako la uwandani, tafuta siku ulizoandika kwamba hakukuwa na jipya, kisha uzisome upya. Mara nyingi tasnifu iko kwenye siku hizo.

Halafu liko suala la maadili ambalo makongamano ya wanafunzi hulipita haraka mno. Timu ni kundi dogo. Kuondoa majina hakutoshi unapoandika "nahodha aliyerudi baada ya kujifungua", maana kila anayeifuatilia ligi atamjua. Kibali kilichopitia kwa kocha nacho kina kasoro, kwa kuwa mchezaji anayetaka kupangwa kwenye kikosi hawezi kumkatalia kwa urahisi mtu aliyeletwa na kocha. Na picha ya timu kwenye slaidi, hata ikiwa imefifishwa nyuso, huonyesha rangi za jezi. Nimeshuhudia mada nzuri ikivunja siri yake yenyewe kwenye slaidi ya kwanza.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana na mwalimu, na naongeza mfano mmoja. Madeleine Pape wa Australia alishiriki mbio za mita 800 katika mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009, mashindano ambayo Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda dhahabu na papo hapo jinsia yake ikaanza kujadiliwa hadharani. Pape ameeleza mwenyewe hadharani kwamba wakati ule alikuwa miongoni mwa walioona ushindani haukuwa wa haki. Baadaye alisoma uzamivu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, akazichunguza kanuni zilezile zilizomgusa akiwa mkimbiaji, na msimamo wake ukabadilika. Historia yake haikumzuia kuwa mtafiti. Ilimpa swali ambalo mtu wa nje angechelewa kuliona, kisha taaluma ikamtaka alikabili upya bila kulinda maoni aliyokuja nayo.

Mchangiaji wa nne

Mimi niko kwenye kamati ya maandalizi ya kongamano la wanafunzi, na naomba tuguse upangaji wa vikao. Tumepokea ikisiri nyingi kuliko nafasi, na wenzangu wanataka tuzikubali karibu zote kwa vikao sambamba, mada nne kila kikao, dakika 15 kwa kila mwasilishaji. Wanasema mwanafunzi akikataliwa hatapata ruhusa wala nauli kutoka chuoni kwake. Vikao vyenyewe tumevipanga kwa mchezo: kikao cha soka, cha riadha, cha michezo ya majini, na kadhalika. Mnaonaje?

Mwanzisha uzi

Hoja ya nauli ni ya kweli na siibezi, kwa kuwa taasisi nyingi humlipia anayewasilisha na humnyima anayekwenda kusikiliza. Lakini mada nne za dakika 15 katika kikao cha saa moja na nusu huacha dakika 30 za maswali, na katika hali halisi nusu ya muda huo huliwa na kompyuta inayokataa kufungua faili na wasilisho la pili lililozidisha. Mwanafunzi amesafiri mbali akapata swali moja, tena kutoka kwa mtu aliyetaka kueleza utafiti wake mwenyewe. Ningechukua mada tatu kwa kikao, na ningewahamishia wengine kwenye mabango yenye muda wake maalumu, ambako mazungumzo ya ana kwa ana mara nyingi huwa marefu na ya manufaa kuliko ya jukwaani. Kila kikao kiwe na mtu wa kujadili aliyezisoma karatasi kamili wiki moja kabla. Hili la mwisho ndilo ninalolishikilia kuliko yote.

Kuhusu kupanga vikao kwa mchezo, napinga bila kusita. Kikao cha soka huwavuta mashabiki wa soka, na maswali yatakuwa ya soka. Pangeni kwa swali. Tazameni kinachotokea mkiwa na kikao kuhusu mamlaka ya kuainisha miili. Mwaka 2011 shirikisho la riadha la dunia liliweka kanuni za kiwango cha homoni ya testosteroni kwa wanawake. Mwaka 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilizisimamisha katika shauri la mkimbiaji wa India, Dutee Chand, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwaka 2018 zikaja kanuni nyingine zilizolenga mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo, kwa wingi wa waamuzi, ikamkatalia Semenya ikisema kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ubaguzi wenyewe ni wa lazima, unafaa na unalingana na lengo lake. Mwezi Julai 2025 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya likaamua kwamba mahakama ya juu ya Uswisi, alikokata rufaa, haikumpa usikilizwaji wa haki. Na kufikia Septemba mwaka huo shirikisho lilikuwa limekwisha kuanza kudai kipimo cha jeni kwa kila anayetaka kushindana katika kundi la wanawake.

Mada moja ya kikao hicho inaweza kuchunguza jinsi chama cha binafsi chenye makao Monaco, kikisimamiwa na wasuluhishi walioko Lausanne, kinavyopata mamlaka juu ya mwili wa raia wa nchi nyingine. Ya pili inaweza kutazama lugha ya vyombo vya habari, na kwa nini wakimbiaji waliojadiliwa hadharani wametoka zaidi katika nchi za kusini mwa dunia. Ya tatu inaweza isihusu riadha hata kidogo: uainishaji wa ulemavu katika michezo ya Paralimpiki unahitaji nao mtu mwenye mamlaka ya kuamua mwili fulani ni wa kundi gani. Watu hao watatu wakikaa meza moja, kila mmoja ataondoka na kitu ambacho kikao cha riadha kisingempa. Mwanafunzi wa takwimu naye apewe nafasi hapo badala ya kutengewa chumba chake, maana mabishano kuhusu kipimo kinapima nini ni yake kama yalivyo ya wengine.

Mchangiaji wa tano

Samahani kwa kurudi nyuma kidogo. Wengine tunaingia fani hii kwa sababu tunataka mambo yabadilike. Je, kongamano la kitaaluma ni mahali pa kusema hivyo?

Mwanzisha uzi

Ni mahali pake, mradi ushahidi usipunguzwe makali ili uifae kampeni. Mwanasosholojia wa Marekani Harry Edwards alikuwa bado hajamaliza shahada yake ya uzamivu ya Cornell alipoasisi mwaka 1967 harakati za haki za binadamu za wanamichezo ambazo mwaka uliofuata ziliwaona wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos wakiinua ngumi kwenye jukwaa la medali la Mexico City, huku Peter Norman wa Australia akiwa amevaa beji ya harakati hizo. Alifanya yote mawili. Ila kitabu chake cha kufundishia fani, kilichotoka mwaka 1973, kinasomeka kama uchambuzi wa taasisi, na hakimtaki msomaji awe amekubaliana naye tangu ukurasa wa kwanza.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, na nimepata ujasiri. Naomba mnihakikie. Ikisiri yangu inaanza hivi: "Mada hii inachunguza mchango wa mitandao ya kijamii katika kukuza michezo ya wanawake."

Mwanzisha uzi

Hongera kwa kuiweka hadharani. Sentensi hiyo imekwisha kujijibu, maana neno "mchango" linasema kwamba faida ipo na kilichobaki ni kuihesabu. Uliona nini ulipokuwa uwandani kilichokushangaza?

Mchangiaji wa kwanza

Kilichonishangaza ni kwamba wachezaji niliowahoji walikuwa wanatumia saa nyingi kuandaa picha na video baada ya mazoezi, bila malipo, kwa kuwa mikataba ya udhamini ilikuwa inategemea idadi ya wafuasi. Wengine walisema kazi hiyo inawachosha kuliko mazoezi yenyewe. Makocha wao hawakuihesabu kuwa kazi kabisa.

Mwanzisha uzi

Hapo sasa. Kuna kazi inayofanywa, kuna anayefaidika, na kuna watu wenye mamlaka ambao hawaioni kuwa kazi. Wanaochunguza malezi, usafi wa nyumbani na huduma kwa wateja wanalijua tatizo hilo vizuri, na ukumbini watakusikiliza hata kama hawajawahi kuitazama mechi moja. Andika upya ukianzia hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Jaribio: "Wachezaji wanawake wanaotegemea udhamini hufanya kazi ya kujitangaza ambayo haimo katika mikataba wala katika ratiba za timu. Mada hii inauliza ni nani anayeamua kwamba kazi hiyo si kazi, na uamuzi huo unabadilishaje thamani ya mchezaji asiyetaka au asiyeweza kuifanya."

Mchangiaji wa tatu

Hiyo ningeikubali leo, mwanangu. Nina swali moja tu, na ukumbini utaulizwa pia: wale walioacha kucheza kwa sababu hawakuweza kuifanya kazi hiyo, umepanga kuwapata wapi? Sampuli yako ya sasa ina waliobaki peke yao.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mwalimu, na asante. Nina orodha za vikosi vya misimu iliyopita. Nitaanza na majina ambayo hayamo tena.